Ukomo wa riba Kenya: Utafiti wa Benki Kuu ulivyoonyesha nani aliyelipa gharama

UCHAMBUZI

WAKENYA wengi walishangilia Agosti 24, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipotia saini sheria iliyoweka ukomo wa riba za mikopo ya benki. Mfanyabiashara wa Gikomba, mwalimu aliyekuwa akilipia kiwanja na mkulima aliyetaka kuongeza ng'ombe wa maziwa, wote waliambiwa kwamba siku za kutozwa riba ya asilimia 18, 20 na zaidi zimefika mwisho. Miaka 3 baadaye, Novemba 2019, Rais huyo huyo alitia saini sheria nyingine iliyoufuta ukomo huo, safari hii bila vifijo.

Kati ya saini hizo mbili lilifanyika jambo ambalo halikuzungumzwa sana mitaani. Benki Kuu ya Kenya (CBK) iliketi na takwimu za mabenki, ikazichambua, na Machi 2018 ikachapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu athari za ukomo wa riba kwa uchumi wa nchi. Utafiti huo ulijibu swali ambalo halikuulizwa kwa dhati wakati mswada ukipitishwa: bei ya mkopo ikishushwa kwa amri ya sheria, ni nani atakayeukosa mkopo wenyewe?

Jibu lake lina uzito hadi leo, kwa kuwa malalamiko yaliyozaa sheria ya 2016 hayakufutwa pamoja na sheria hiyo. Yalirejea kwa nguvu mwaka 2024 na 2025, Benki Kuu ilipopunguza riba yake mara kadhaa huku mabenki yakisitasita kuwapunguzia wateja wao. Na hayako Nairobi peke yake. Jijini Dar es Salaam nako, tangu Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ianze kutumia riba yake kama nyenzo kuu ya sera ya fedha Januari 2024, mkopaji wa kawaida amekuwa akiuliza ni lini nafuu hiyo itamfikia.

Kilio kilichozaa sheria

Sheria ya 2016 haikuibuka ghafla. Mwaka 2000 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti riba iliyoletwa na Mbunge wa Gem wakati huo, Joe Donde, lakini ikakwama mahakamani. Kumbukumbu ya mabenki yaliyojitajirisha wakati wakopaji wakinadiwa nyumba na mashamba iliendelea kuishi.

Ndipo ukaja mwaka 2011. Mfumuko wa bei ulipanda hadi kukaribia asilimia 20 mwezi Novemba, shilingi ikaporomoka mbele ya dola, na Benki Kuu ikalazimika kuipandisha riba yake kutoka asilimia 5.75 mwanzoni mwa mwaka hadi asilimia 18 mwezi Desemba. Mabenki hayakuchelewa kuwapandishia wateja. Lakini mfumuko wa bei ulipotulia na Benki Kuu ikaanza kushusha riba, mabenki yalishuka kwa mwendo wa kinyonga. Wakopaji walijifunza jambo moja ambalo hakuna tangazo la benki lililoweza kulifuta: riba hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

Benki Kuu ilijaribu kurekebisha hali hiyo. Julai 2014 ilianzisha kiwango rejea cha riba za mabenki, kilichoanzia asilimia 9.13, ili kila benki imweleze mteja ni kiasi gani inaongeza juu ya kiwango hicho na kwa sababu gani. Nia ilikuwa njema, ila matokeo yalikuwa hafifu. Mabenki yaliendelea kuongeza yalichotaka, na katikati ya mwaka 2016 wastani wa riba za mikopo ulikuwa karibu asilimia 18.

Katika hali hiyo mswada wa Jude Njomo, aliyekuwa Mbunge wa Kiambu Mjini, ulipata uungwaji mkono mkubwa bungeni. Ulisema mambo mawili. Kwanza, hakuna benki itakayotoza riba inayozidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Pili, akaunti za amana zenye kulipa riba zilipwe angalau asilimia 70 ya riba hiyo ya Benki Kuu.

Benki Kuu, chini ya Gavana Patrick Njoroge, iliupinga. Rais Kenyatta mwenyewe, alipotangaza kuwa ametia saini, alikiri kwamba kulikuwa na hatari ya baadhi ya wananchi kukosa mikopo na kuangukia mikononi mwa wakopeshaji wasiodhibitiwa. Lakini alisema pia kwamba anaielewa hasira ya wananchi dhidi ya mabenki. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na mwanasiasa anayewania kura hawezi kwa urahisi kujitokeza kuitetea riba ya asilimia 18.

Hesabu ya ofisa mikopo

Ili kuelewa kilichofuata, inafaa kutazama hesabu iliyokuwa mezani mwa ofisa mikopo baada ya Septemba 14, 2016, siku ambayo sheria ilianza kutumika. Wiki hiyo hiyo haikupita mbali, Benki Kuu ikashusha riba yake hadi asilimia 10. Ukomo ukawa asilimia 14, na amana zikatakiwa kulipwa asilimia 7.

Tuseme benki ina Sh1 milioni iliyotokana na amana hizo. Inawakopesha wafanyabiashara wadogo 10, kila mmoja Sh100,000, walipe mwisho wa mwaka pamoja na riba ya asilimia 14. Wote wakilipa, benki inapata Sh140,000. Ikitoa Sh70,000 za wenye amana, inabakiwa na Sh70,000 za kulipia wafanyakazi, pango, umeme na faida yake.

Lakini mmoja kati ya 10 akishindwa kabisa kulipa, hesabu hugeuka. Benki inapata riba ya Sh126,000 kutoka kwa 9 waliolipa, inapoteza Sh100,000 za mtaji uliokopeshwa, inabakiwa na Sh26,000. Wenye amana bado wanadai Sh70,000 zao. Benki imepata hasara ya Sh44,000 kabla haijamlipa hata mlinzi wa mlangoni.

Sasa tuseme fedha hizo hizo zinakopeshwa Serikali kwa kununua dhamana za mwaka mmoja, ambazo katika kipindi hicho zilikuwa zikilipa takriban asilimia 11. Benki inapata Sh110,000, inalipa Sh70,000 za amana, inabakiwa na Sh40,000. Hakuna ofisa wa kutumwa sokoni kukagua biashara, hakuna dalali, hakuna kesi. Ni mfano wa kubuni, lakini unaeleza kwa nini ofisa mikopo hakuhitaji kuwa na roho mbaya ili amkatae mwenye kibanda. Ilitosha tu kujua kujumlisha na kutoa.

Mteja mkubwa mwenye hati ya nyumba, au mtumishi mwenye mshahara unaopitia benki hiyo hiyo, hakuathirika kwa namna hiyo. Yeye alishushiwa riba kweli. Kwa maneno mengine, sheria iliyopigiwa debe kwa jina la mnyonge ilimnufaisha kwanza aliyekuwa na dhamana, na ikamwacha nje asiyekuwa nayo.

Takwimu zilivyosema

Hicho ndicho ambacho utafiti wa Benki Kuu ulikusudia kukipima. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko wengi walivyodhani, kwa sababu mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imeanza kupungua kasi hata kabla ya sheria. Ukuaji wake ulifikia kilele cha takriban asilimia 25 katikati ya mwaka 2014, ukashuka hadi chini ya asilimia 10 katikati ya 2016. Mabenki matatu yalikuwa yamewekwa chini ya uangalizi katika muda wa miezi 8: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016. Wenye amana walikuwa na hofu, na mabenki yaliyobaki yalianza kukagua vitabu vyao kwa makini zaidi.

Kisha ukaja ukame, na mwaka 2017 ukaja uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu na kurudiwa Oktoba. Mpinzani wa Benki Kuu angeweza kusema, tena kwa haki, kwamba biashara ilidorora kwa sababu hizo na wala si kwa sababu ya ukomo. Ukuaji wa mikopo ulipofika asilimia 1.6 Agosti 2017, kila upande ulikuwa na mkosaji wake.

Ndiyo maana utafiti wenye maana haukuweza kuishia kwenye jumla ya mikopo. Ilibidi uangalie nani hasa aliyekosa. Ukame na uchaguzi huwaumiza wafanyabiashara wa kila aina, lakini ukomo wa riba unapaswa kumwumiza zaidi yule ambaye riba yake halali ingekuwa juu ya ukomo huo. Hapo ndipo Benki Kuu ilipopata ushahidi wake. Idadi ya akaunti za mikopo ilipungua huku wastani wa ukubwa wa mkopo mmoja ukiongezeka. Mabenki yalikuwa yakitoa mikopo michache iliyo mikubwa, na wadogo wakitoka kwenye orodha. Mabenki madogo, ambayo wateja wake wengi ni wafanyabiashara wa kiwango cha chini, yaliathirika zaidi ya yale makubwa. Na wakati mikopo kwa sekta binafsi ikisinzia, mikopo ya mabenki kwa Serikali iliongezeka.

Mwaka 2019 watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) nao walichapisha uchambuzi wao kuhusu Kenya wakafikia hitimisho linalofanana: mikopo kwa biashara ndogo na za kati ilipungua, mabenki madogo yakabanwa, na ishara za sera ya fedha zikadhoofika.

Usukani uliokwama

Sehemu ya utafiti huo iliyowahusu zaidi wachumi, na ambayo mwananchi wa kawaida aliisikia kidogo, ni ile inayohusu sera ya fedha yenyewe.

Katika hali ya kawaida, uchumi unapolegea Benki Kuu hushusha riba yake ili mikopo iwe rahisi, watu wakope, wazalishe na waajiri. Mfumuko wa bei unapotishia, huipandisha ili kupunguza fedha mitaani. Huo ndio usukani wa Kamati ya Sera ya Fedha.

Sheria ya 2016 iliufunga usukani huo kwenye ukomo. Kila Benki Kuu iliposhusha riba yake, ukomo nao ulishuka. Ukomo ukishuka, wateja wengine wenye hatari kidogo zaidi wanatumbukia nje ya mstari, na benki inapunguza kukopesha badala ya kuongeza. Hatua iliyokusudiwa kulegeza ikawa na uwezo wa kukaza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018: Kamati ilishusha riba hadi asilimia 9.5 mwezi Machi na asilimia 9 mwezi Julai, na ukomo ukashuka pamoja nayo hadi asilimia 13. Baada ya hapo riba haikuguswa hadi Novemba 2019, sheria ilipokwisha kufutwa. Mwezi huo huo Kamati ikaishusha hadi asilimia 8.5.

Hali kadhalika upande wa kupandisha. Riba ya Benki Kuu ingepandishwa ili kupambana na mfumuko wa bei, ukomo ungepanda pia, na mabenki yangepata nafasi ya kuwakopesha watu zaidi. Dereva akikanyaga breki, gari linaongeza mwendo.

Kuna na suala la uthabiti wa sekta ya fedha. Baada ya kuanguka kwa mabenki yale matatu, mabenki makubwa yalikuwa tayari yanasita kuyakopesha madogo. Ukomo uliyanyima madogo sehemu ya mapato yake wakati ambapo yalikuwa yanahitaji kujenga mtaji na imani. Benki dhaifu haivunjiki siku moja. Huanza kwa kupungukiwa na faida, kisha wateja, kisha ukwasi, na mwisho hufunga milango siku ambayo mwenye amana alikuwa akipanga foleni kuchukua ada ya shule ya mtoto.

Mkopo haukosi mlango

Mwenye kibanda aliyekataliwa benki hakuacha kukopa. Alibadilisha mlango. Mikopo ya simu, iliyokuwa imeanza kuenea tangu M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ilipata wateja wapya. Huko gharama haikuitwa riba. M-Shwari ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa Sh1,000 hulipa Sh1,075 baada ya mwezi, kiasi ambacho hakitishi machoni. Lakini akirudia kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa Sh900 kwa ajili ya Sh1,000 ile ile.

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika miaka hiyo matanga yaliingia kiganjani. Programu nyingi za mikopo ya simu zilikuwa nje ya usimamizi wa Benki Kuu, baadhi zikiwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Sheria ya kuziweka chini ya Benki Kuu ilikuja Desemba 2021, miaka 5 baada ya ukomo wa riba kupitishwa. Yale ambayo Rais aliyatahadharisha siku ya kutia saini yalikuwa yametokea karibu neno kwa neno.

Kwa hiyo mkopaji mdogo aliyekuwa akilipa benki asilimia 20 kwa mwaka hakupata asilimia 14. Wengi wa kundi lake walipata ama hapana, ama simu.

Shilingi ina pande mbili

Hata hivyo, ingekuwa makosa kuuchukulia utafiti wa Benki Kuu kama hukumu isiyo na rufaa. Wapo waliohoji, na hoja zao zilikuwa na msingi.

Kwanza, Benki Kuu ilikuwa upande mmoja wa mgogoro. Iliupinga mswada kabla haujawa sheria, kisha ikatafiti na kukuta kwamba ilikuwa sahihi. Hilo halifanyi takwimu kuwa za uongo, lakini linaeleza kwa nini wabunge wengi hawakushawishika. Agosti 2018 Wizara ya Fedha ilipojaribu kuufuta ukomo kupitia muswada wa fedha, Bunge lilikataa, likakubali tu kuondoa kiwango cha chini cha riba ya amana.

Pili, mikopo ilianza kupata nguvu kabla ukomo haujaondolewa. Kutoka asilimia 2.4 mwishoni mwa 2017, ukuaji ulifika takriban asilimia 7 Desemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya sheria kufutwa. Hivyo ukomo haukuwa pingamizi pekee. Kumalizika kwa msimu wa uchaguzi na ukame nako kulisaidia.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, utafiti ulieleza vizuri ubaya wa dawa lakini haukutibu ugonjwa. Kwa nini mabenki zaidi ya 40, yanayodaiwa kushindana, yalikuwa yakipandisha riba kwa pamoja na kukataa kuishusha kwa pamoja? Mwananchi aliyeshangilia mwaka 2016 hakuwa mjinga wa uchumi. Alikuwa ameona ahadi ya soko huria ikishindwa kwa zaidi ya muongo mmoja.

Mwisho wa sheria hiyo ulitoka kwingine. Machi 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha ukomo kina utata na kinakiuka Katiba, ikalipa Bunge miezi 12 kukirekebisha. Oktoba Rais Kenyatta aliurudisha muswada wa fedha bungeni akitaka kifungu hicho kifutwe, akieleza kwamba biashara ndogo zilikosa mikopo. Wabunge walihitaji theluthi mbili kumpinga, hawakutimia. Novemba 7, 2019 ukomo ukawa historia. Hoja iliyotajwa ilikuwa ile ile ya utafiti, lakini ilihitaji mahakama na hesabu ya viti bungeni ili ipite.

Deni lililobaki

Baada ya hapo mabenki yaliahidi kupanga riba kwa kuzingatia hatari ya kila mkopaji: anayelipa vizuri apate nafuu, mwenye rekodi mbaya alipe zaidi. Benki Kuu ilitaka kila benki iwasilishe mfumo wake wa kukokotoa ili uidhinishwe, na kazi hiyo ilichukua miaka. Katikati yake likaja janga la korona, na riba ya Benki Kuu ikashushwa hadi asilimia 7 Aprili 2020.

Mtihani halisi ulikuja baadaye. Ili kuinusuru shilingi, iliyokuwa imefika karibu Sh160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, Benki Kuu chini ya Gavana Kamau Thugge iliipandisha riba hadi asilimia 13 Februari mwaka huo. Mabenki yalifuata mara moja. Shilingi ilipoimarika na mfumuko wa bei kutulia, Benki Kuu ilianza kushusha kuanzia Agosti 2024, na kufikia Juni 2025 riba yake ilikuwa asilimia 9.75. Mabenki yalifuata polepole. Mwishoni mwa 2024 wastani wa riba za mikopo ulikuwa bado karibu asilimia 17, na mikopo kwa sekta binafsi haikukua bali ilipungua kwa asilimia 1.4 mwezi Desemba, sehemu yake ikitokana na kuimarika kwa shilingi kulikopunguza thamani ya mikopo iliyotolewa kwa fedha za kigeni.

Mabenki yalijitetea kwamba bado yalikuwa yakilipa amana za gharama kubwa zilizochukuliwa wakati riba ziko juu, na kwamba mikopo chechefu ilikuwa imezidi asilimia 16 ya mikopo yote. Benki Kuu haikuridhika. Februari 2025 ilishusha kiwango cha amana ambazo mabenki hulazimika kuweka kwake kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25, ili kuongeza fedha za kukopesha, na ikaonya kuwa benki isiyopunguza riba itatozwa faini. Mwaka huo huo ilitangaza mfumo mpya: riba za mikopo inayobadilika zifungamane na wastani wa riba ya mabenki yanapokopeshana kwa usiku mmoja, na nyongeza ya kila benki juu ya kiwango hicho ijulikane wazi.

Mtu aliyefuatilia tangu 2014 ataona kwamba mfumo huo una undugu na kile kiwango rejea cha asilimia 9.13 kilichoshindwa. Tofauti itategemea utekelezaji. Kiwango cha 2014 kilikufa kwa sababu nyongeza za mabenki hazikuwa na mtu wa kuzihoji. Huu wa sasa utafanikiwa ikiwa mkopaji wa Kisumu au Mombasa ataweza kuweka nyongeza ya benki yake kando ya ile ya jirani, akaelewa, na akahama.

Hapo ndipo utafiti wa benki kuu unapopaswa kufanya kazi mapema, si baada ya sheria kupitishwa na madhara kutokea. Benki Kuu ya Kenya ina takwimu za kila benki. Pamoja na washirika wake, imekuwa ikifanya uchunguzi wa kaya kuhusu huduma za fedha tangu 2006, uliokuta wakati huo kwamba asilimia 26.7 tu ya watu wazima walitumia huduma rasmi. Mwaka 2024 idadi ilikuwa asilimia 84.8. Inajua nani yuko ndani ya mfumo. Kinachotakiwa ni kueleza kwa uwazi uleule anatozwa nini, na kwa nini riba inaposhuka juu haishuki chini.

BoT nayo iko katika kipindi kinachofanana na hicho. Ilianza na riba ya asilimia 5.5 Januari 2024, ikaipandisha hadi 6 Aprili mwaka huo, ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025. Katika kipindi hicho wastani wa riba za mikopo ya mabenki ulibaki takriban asilimia 15. Tanzania haijaweka ukomo wa aina ya Kenya, na uzoefu wa jirani unatoa sababu za kutosha za kutofanya hivyo. Lakini uzoefu huo huo unaonyesha kwamba pengo kati ya riba ya benki kuu na ile ya dirishani, likiachwa bila maelezo kwa miaka mingi, hatimaye hujazwa na wanasiasa.

Sheria ya Kenya ya 2016 ilipitishwa kwa kura nyingi kwa sababu hakuna aliyekuwa amempa mwananchi jibu lingine. Utafiti wa 2018 ulikuwa na majibu mengi, ila ulichelewa kwa mwaka mmoja na nusu, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni wale ambao majina yao yalishatolewa kwenye orodha za wakopaji.